Faili la kufuli lisiachwe nje ya Git

Jumamosi moja asubuhi alinipigia simu mama mmoja wa Kariakoo, muuzaji wa vitenge kwa jumla. "Mwanangu, mzigo nimeutoa leo hii, mbona risiti inasema ni wa mwezi uliopita?"

Siku hiyo ilikuwa tarehe 3 Aprili. Kwenye risiti palisomeka 4 Machi. Wateja wake wa mkopo wanahesabiwa siku kuanzia tarehe ya risiti, kwa hiyo mtu aliyebeba mzigo saa mbili asubuhi, mfumo ulishamhesabu kuwa ana deni la karibu mwezi mzima.

Hatukuwa tumegusa hata mstari mmoja wa programu ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwenzangu alihamishia mfumo kwenye seva mpya, akaandika npm install kama siku zote, amri ya npm, chombo kinachoshusha maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, akaona hakuna kosa, akalala. Kwenye laptopi yake kule Sinza tarehe zilitoka sawasawa. Mpaka saa nane mchana ndipo tukaona tofauti: maktaba ndogo ya kupanga tarehe. Laptopi ilikuwa na toleo la zamani, seva ilichukua jipya, na hilo jipya lilitanguliza mwezi mbele ya siku.

Mlango tuliuacha wazi wenyewe. Kwenye package.json, faili linaloorodhesha maktaba tunazozitegemea, mbele ya namba ya toleo, kulikuwa na alama ya ^. Ukiandika ^1.4.0 umeiambia npm ilete hata 1.9.2, ilimradi isivuke kwenda 2.0.0. Unamwamini mwandishi wa maktaba kwamba hatavunja kitu kabla ya kupandisha namba ya kwanza. Wengi wanajitahidi kweli, lakini ni binadamu.

Dawa ilikuwepo. Tangu toleo la 5, la mwaka 2017, npm huandika yenyewe faili la package-lock.json, ndilo faili la kufuli. Ndani yake kuna toleo kamili la kila maktaba, pamoja na zile zinazovutwa na maktaba nyingine, na alama ya kuhakikisha kilichoshushwa hakijabadilishwa. Sisi tulikuwa tumeliweka kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git, chombo cha kutunza historia ya programu, haiyatunzi, kwa sababu "linasumbua wakati wa kuunganisha kazi". Sababu hiyo naisikia mpaka leo kwa madevelopa wenzangu hapa Dar, na inaniuma kila ninapoisikia. Migongano ya dakika kumi haiwezi kulinganishwa na daftari la madeni la mtu.

Basi liingie kwenye Git, na kwenye seva iandikwe npm ci, si npm install. Amri hiyo hufuta folda ya node_modules zinamokaa maktaba, husakinisha kile tu kilichoandikwa kwenye kufuli, na hugoma kabisa ikikuta package.json na kufuli havikubaliani. Kugoma huko ndiko ninakokupenda. Mnaotumia Laravel ya lugha ya PHP, chombo chenu ni Composer, na kwenu ni composer install inayosoma composer.lock, composer update ibaki kwenye mashine yako, ukiwa na muda wa kupima.

Mwezi Januari 2022 mwandishi wa maktaba ya colors alitoa toleo lenye mzunguko usio na mwisho, kwa makusudi. Walioacha mlango wazi wakalipokea walipoandika tu npm install. Waliofunga kwenye toleo la nyuma waliendelea na kazi.

Na kwa sisi tunaonunua bando, kuna nafuu nyingine: matoleo yasipobadilika, npm ci --prefer-offline huchukua vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye mashine kabla ya kwenda mtandaoni.

Siku hizi kila kazi inayoletwa, naanza kusoma kufuli. Juzi kijana tunayefanya naye kazi alileta mabadiliko madogo ya ukurasa wa mauzo, lakini kufuli lilikuwa limeongezeka mamia ya mistari. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, umeongeza nini?" Akasema ni kisanduku cha kuchagua tarehe tu, kaka. Tukakaa pamoja, tukaitoa maktaba ile, tukaandika input type="date", ambayo kivinjari kinayo chenyewe. Kufuli likarudi kama lilivyokuwa, nikaipitisha kazi yake.