Naomba Ruhusa, Bwana Harusi

Nianze kwa kujitetea: sikuwa nimelewa. Wenzangu walilipia ile ya kunywa mpaka uchoke kwa saa mbili, na walikuwa wakihakikisha pesa yao haiendi bure, lakini glasi yangu mimi ilikuwa ya chai baridi. Kwa hiyo yote niliyoyafanya usiku ule pale Kobe, Japani, niliyafanya na akili zangu timamu, na ndiyo maana yananiuma hadi leo.

Harusi ilikuwa ya kaka mmoja wa maabara yetu ya udongo. Namwita kaka kwa kuwa alinitangulia pale chuoni na ndiye aliyenifundisha kila kitu, tangu kupima tindikali ya udongo hadi kujua takataka ipi inatolewa siku gani. Sasa, harusi ya Kijapani ina masharti mengi kuliko mtihani wa taifa. Pesa ya kutunza huenda ndani ya bahasha maalumu, noti ziwe mpya, na noti zenyewe ziwe witiri, kwa mfano tatu za yeni elfu kumi kumi. Shufwa inagawanyika, na ndoa haitakiwi kugawanyika. Halafu kuna maneno hayatamkwi kabisa: kukata, kuachana, kwisha. Hata keki haikatwi. Wao husema kisu "kinaingizwa". Nilikariri yote. Ukumbini nilipita salama salimini, sikukata wala sikuachanisha kitu.

Kilichonimaliza ni sherehe ya pili, ya marafiki, kwenye chumba cha karaoke.

Na Kobe ukisikia karaoke ujue umefika kwa wenyewe. Ni huko ambako Daisuke Inoue, mpiga muziki wa kwenye mabaa, alianza kukodisha mashine zake mwaka 1971. Hakuisajili hataza, utajiri ukampita hivihivi, na mwaka 2004 akapewa Ig Nobel ya amani, ile tuzo ya mzaha, kwa kuwapa binadamu njia mpya ya kujifunza kuvumiliana. Mimi niliisoma habari hiyo nikacheka. Sikujua kwamba nitakuja kuwa mazoezi ya vitendo.

Mwenzangu Mkenya alinishauri mapema: "Imba Linda Linda ya The Blue Hearts. Kiitikio ni hilo jina tu. Unaruka, unapiga kelele, umemaliza." Nikaona huyu ananishusha hadhi. Mimi mtu wa Tanga bwana, bibi yangu alikuwa hasongi ugali mpaka Bi Shakila awe anaimba redioni, leo nikarukeruke mbele za watu kama panzi?

Nilikuwa nimeshapata wimbo wangu. Wajapani wana nyimbo za mtindo wa enka, ambazo mwimbaji huipinda na kuivunja sauti kooni kwa madaha, na mpindo wenyewe huitwa kobushi. Siku niliyoisikia Amagi-goe ya Sayuri Ishikawa, ya mwaka 1986, nywele zilinisimama. Nikasema hii ni taarabu, imevaa kimono tu.

Maana yake? Niliifanyia utafiti, usinione mjinga. Amagi ni milima iliyoko kwenye rasi ya Izu, na jina la wimbo ni kuvuka huko Amagi. Katika mashairi nikasikia maporomoko ya maji. Nikasikia wasabi. Wasabi! Mmea unaotaka maji safi, baridi, yanayotiririka, na Izu ni maarufu kwa mashamba yake. Mimi nasomea kilimo. Nikahitimisha kwamba huu ni wimbo wa mandhari na kilimo cha milimani.

Tena kulikuwa na sentensi moja ambayo mwisho wake niliuelewa vizuri sana: te ii desu ka. Hilo ni somo la wanaoanza, ndiyo namna ya kuomba ruhusa. Je, naweza kukaa? Je, naweza kupiga picha? Kitenzi kilichotangulia sikukijua, ila adabu niliitambua. Nikasema mwanamke mstaarabu huyu, amepanda mlima wa watu na anabisha hodi kabla ya kuingia shambani.

Wiki tatu nikafanya mazoezi bafuni.

Siku ikafika. Marafiki wa bwana harusi wakafungua na Kanpai ya Tsuyoshi Nagabuchi, wimbo wa kumtakia rafiki heri, wameshikana mabega, wawili wanalia. Sensei, yaani mwalimu wetu, mzee wa watu, akaimba Ue o Muite Arukō ya Kyu Sakamoto, ya mwaka 1961. Ndiyo ile ambayo Wamarekani waliipa jina la chakula, Sukiyaki, ikashika namba moja kwao mwaka 1963, na nyama ndani yake haimo hata kipande. Vijana wakapasua masikio yetu na Gurenge ya LiSA. Manyanga yanalia, tari linalia.

Jina la wimbo wangu likatokea kwenye skrini. Chumba kikatulia kidogo. Nikadhani ni heshima.

Nikajifunga khanga kiunoni na kushika maiki. Sikusimama mahali pamoja, maana taarabu haiimbwi kama gwaride. Nikaenda mwendo wa maringo, bega moja mbele, mpaka mbele ya maharusi. Na ile sentensi ya adabu ilipofika niliigawa, ili kila mtu apate haki yake. Nusu ya kwanza nikamnyooshea kidole bi harusi, taratibu, kwa jicho la pembeni kama anayepigwa kijembe. Nusu ya pili nikampigia goti bwana harusi, nikamkunjulia kiganja, nikatabasamu, nikamtazama machoni na kuuliza: te ii desu ka?

Tari likanyamaza.

Nikamwona kaka wa watu anarudi nyuma na kochi lake. Nikajua wimbo umemwingia. Nikaongeza madaha.

Nilipomaliza, mashine ikawasha fataki na kutoa hukumu: alama 94. Ikanihesabia na kobushi zangu zote, zilikuwa nyingi mno. Mtu pekee aliyepiga makofi ni Sensei, macho yamemlowa.

Ndipo rafiki mmoja wa bi harusi akaja kuketi kando yangu. Akanena, kwa Kiswahili sanifu kuliko changu: "Samahani, dada. Je, unafahamu maana ya maneno uliyoyaimba?" Chai ikanipalia. Kumbe Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na huyu alikuwa amehitimu huko.

"Nimeomba ruhusa," nikamjibu.

"Ndiyo, umeomba ruhusa," akasema kwa upole. "Umesema kwamba kuliko huyu bwana aibwe na mtu mwingine, ni afadhali umuue. Kisha ukamwuliza kama anaridhia."

Nikakumbuka kidole changu kilikoelekea kwenye hiyo nusu ya mwizi. Nikatamani sakafu ifunguke.

"Na wasabi?"

"Wasabi ipo. Wapenzi wanapita tu karibu nayo. Ni mapenzi ya siri."

Nilikwenda kupiga magoti mbele ya maharusi, paji la uso sakafuni, safari hii bila maiki. Nikainua macho nikakuta bi harusi anacheka hadi kope za bandia zimemtoka, moja imeganda shavuni. Ndugu yangu Mkenya naye alikuwa amejikunja chini ya meza, simu mkononi, amerekodi mwanzo mwisho. Simu ya ukutani ikalia, zimebaki dakika kumi. Nikashukuru Mungu. Sensei akaipokea yeye, akaongeza nusu saa, akanirudishia maiki: "Tena."

Bwana harusi alihamia upande wa mlangoni.

Jumatatu nikaingia maabara nikiwa mpole kama kondoo. Nilihitaji mizani, na mizani ilikuwa mezani kwa kaka. Nikamsogelea, nikainama kidogo, na Kijapani changu chote cha haraka kikanitoka katika ile sentensi pekee ninayoijua kwa ufasaha, inayoishia na te ii desu ka.

Mikono yake miwili ikapanda juu, na sampuli ya udongo ikamwagika.

"Inategemea," akasema, "umetumia kitenzi gani."