Barua moja inayoangusha serikali ya Stormont

Kila serikali ya mseto ya Ireland ya Kaskazini inapoanguka, lawama hutupiwa mseto wenyewe. Mahasimu wanalazimishwaje kukaa baraza moja la mawaziri? Waachwe wanaoelewana waunde serikali na wengine wawe wapinzani, kama ilivyo Edinburgh kwa Scotland na Cardiff kwa Wales. Hoja hiyo ina uzito. Ila ukifuatilia hatua kwa hatua namna mawaziri wa Stormont, makao ya Bunge na serikali hiyo, wanavyopatikana, utaona kwamba kinacholaumiwa sicho kinachoharibika.

Tuchukue Bunge lililochaguliwa Mei 2022, lenye viti 90: Sinn Féin 27, DUP 25, Alliance 17, UUP 9, SDLP 8, na wengine wanne. Sinn Féin na SDLP ni wa kambi inayotaka Ireland moja, DUP na UUP ni wa kambi inayotaka kubaki Uingereza, na Alliance haina kambi. Wizara hugawanywa kwa kanuni ya D'Hondt. Viti vya chama hugawanywa kwa idadi ya wizara ambazo kimekwisha kupata, ukijumlisha moja, na mwenye namba kubwa ndiye anayechagua wizara inayofuata. Sinn Féin inaanza na 27. Ikipata wizara ya kwanza inashuka hadi 13.5, kisha 9. DUP inaanza na 25, halafu 12.5, halafu 8.3. Waziri wa Sheria peke yake huchaguliwa kwa kura ya Bunge inayohitaji kuungwa mkono na kambi zote mbili. Februari 2024 wizara saba zilizobaki ziligawanyika hivi: Sinn Féin tatu, DUP mbili, Alliance moja, UUP moja. SDLP na viti vyake 8 ikakosa, ikawa upinzani rasmi. Chama kikikataa zamu yake, zamu inakwenda kwa kinachofuata, na kazi inaendelea.

Sehemu hiyo haijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo liko ghorofa ya juu, kwa Waziri wa Kwanza na Naibu wake. Hawa wawili wana madaraka sawa, na hakuna anayeweza kuamua bila mwenzake. Mmoja akiandika barua ya kujiuzulu, mwingine naye anapoteza cheo papo hapo. Tangu makubaliano ya St Andrews ya 2006, wanateuliwa na vyama viwili tu: chama kikubwa kuliko vyote, na kile kikubwa zaidi cha kambi ya pili. Kimoja kikisusa, hakuna zamu ya kupokezana. Kiti kinabaki kitupu.

Martin McGuinness wa Sinn Féin, Naibu Waziri wa Kwanza, alijiuzulu tarehe 9 Januari 2017, na serikali haikurudi hadi Januari 2020. Paul Givan wa DUP, Waziri wa Kwanza, akajiuzulu tarehe 3 Februari 2022, na serikali ikarudi tarehe 3 Februari 2024. Katika miaka saba, mitano ilikwenda bila baraza kamili la mawaziri. Mitano! Mwaka 2018 mahakama iliamua kwamba maofisa wa serikali hawakuwa na mamlaka ya kuidhinisha tanuri la kuchomea taka pale Hightown bila waziri, na Westminster, yaani Bunge la Uingereza, ikalazimika kutunga sheria ya dharura ili maofisa waweze kuamua mambo kadhaa. Mwaka 2022 rasimu ya bajeti ya miaka mitatu ilikwama mezani. Mawaziri walibaki ofisini hadi tarehe 28 Oktoba, kila mmoja na wizara yake, lakini hawakuweza kuketi pamoja kuipitisha. Anayesubiri upasuaji Belfast alisubiri zaidi, na Januari 2024 watumishi wa umma wakagoma kwa wingi kudai mishahara.

Wanaotaka mseto wa hiari wana haki katika mambo matatu. Waziri wa Kwanza hawezi kumfukuza waziri wa chama kingine, na mpiga kura haoni wa kumwajibisha wote wakiwa serikalini. Pia wabunge wa Alliance, wasiojiandikisha katika kambi yoyote, hawahesabiwi kambi zinapopimwa. Hiyo ni dhuluma kwa waliowapigia kura, na inafaa kuondolewa.

Lakini mseto wa hiari ungeweza kuitenga jamii nzima, na ndiyo historia iliyoifikisha nchi ile kwenye makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu mwaka 1998. Zanzibar, ambako nako kuna serikali ya umoja, inaonyesha upande wa pili wa hatari hiyo. CUF iliposusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, serikali haikuanguka. Iliendelea bila Makamu wa Kwanza wa Rais hadi Desemba 2020, na wafuasi wa CUF wakabaki nje.

Dawa haihitaji kuvunja D'Hondt. Kwanza, chama kikikataa kuteua, haki ya kuteua iende kwa kinachofuata. Hiyo peke yake haitoshi, maana bajeti hupita kwa asilimia 60 ya wabunge wanaopiga kura, na angalau asilimia 40 ya wanaopiga kura katika kila kambi. Kambi inayotaka kubaki Uingereza ina wabunge 37, na wote wakipiga kura, asilimia 40 yao ni 15. DUP ikipinga, UUP ina 9 tu. Naibu angepatikana, bajeti ikaanguka.

Kwa hiyo badala yake iwekwe asilimia 65 ya Bunge zima, yaani kura 59. DUP ikijitoa yote, wanabaki 65, bajeti inapita. Sinn Féin ikijitoa, wanabaki 63, inapita vilevile. Sasa iondoe kambi nzima ya wanaotaka kubaki Uingereza: wanabaki 53, inakwama. Iondoe kambi nzima ya wanaotaka Ireland moja, wabunge 35: wanabaki 55, inakwama. Kila jamii inabaki na kinga yake, ila hakuna chama kimoja chenye ufunguo wa kufunga Bunge.

Hesabu hii ni ya Bunge la 2022, na kambi zinabadilika ukubwa. Wasioegemea kambi yoyote wakiongezeka, asilimia 65 huenda isitoshe kuikinga kambi itakayopungua, na kiwango kitalazimika kupanda. Kupanga hilo ni kazi ya Westminster, kwa sababu sheria ya 1998 inayoiongoza Stormont ni yake, na uchaguzi ujao wa Stormont ni Mei 2027.