Dartmoor: hema limeshinda kesi, nyika bado haijapona

Tarehe 21 Mei 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kwamba anayetembea kwa miguu katika ardhi za pamoja za Dartmoor anaruhusiwa kupiga hema na kulala humo bila kumwomba ruhusa mwenye ardhi. Alexander Darwall, meneja wa mfuko wa uwekezaji, na mkewe Diana, wenye ardhi ya huko waliofungua kesi kupinga haki hiyo, walikuwa wameshinda Mahakama Kuu Januari 2023, wakashindwa Mahakama ya Rufani Julai mwaka huohuo, na safari hii ngazi zikawa zimeisha. Wapenda matembezi walishangilia, na baadhi ya wenye ardhi wakalalamika kwamba mali ya mtu imefanywa uwanja wa kila apitaye. Kila upande, nionavyo mimi, una hoja nzito kuliko mpinzani wake anavyokubali, ila nyika yenyewe inaumwa ugonjwa mwingine kabisa.

Msomaji wa kwetu akisikia "hifadhi ya taifa" anawaza geti, risiti na askari mwenye bunduki. Dartmoor haiko hivyo. Iko katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa England, na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1951. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 954, na ndani yake wanaishi watu wapatao 34,000 wenye mashamba, shule, makanisa na baa zao. Hulipi kiingilio, wala hulazimiki kuwa na kiongozi kama unavyolazimika ukipanda Kilimanjaro. Tena ardhi kubwa ina wenyewe. Anayemiliki kuliko wote ni Duchy of Cornwall, milki ya mrithi wa kiti cha ufalme. Zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ni ile inayoitwa ardhi ya pamoja, na hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa, kwa sababu nayo ina mmiliki. Upamoja wake ni kwamba wakulima wa jirani wana haki, ya tangu zama, ya kulishia humo ng'ombe, kondoo na farasi wadogo wa huko. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi kina mwenye hati, kina wenye malisho, na tangu sheria ya Bunge ya mwaka 1985 kina pia watu wa kawaida wenye haki ya kuingia kwa miguu au kwa farasi ili kujiburudisha nje, mahali pa wazi.

Kesi yote ilining'inia kwenye sheria hiyo ya 1985. Mawakili wa wenye ardhi walisema kuburudika kwa miguu maana yake ni kutembea, na anayelala hatembei. Hoja ya pili ilikuwa na uzito zaidi: kama Bunge lingetaka kuwapa watu wasiojulikana haki kubwa kama ya kulala kwenye ardhi ya mwenzao, lingesema waziwazi. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Sheria ya mwaka 2000, iliyofungua milima na nyika za England na Wales kwa watembeaji, inakataza kupiga kambi moja kwa moja. Majaji wa juu walijibu kwamba maneno ya sheria ya Dartmoor yanaeleza mtu anaingiaje, si afanye nini akishaingia, na kwamba madhara yanaweza kudhibitiwa kwa sheria ndogo za hifadhi. Sheria ndogo hizo zipo: usilale sehemu moja zaidi ya usiku mbili mfululizo, kaa mbali na barabara kwa mita 100 au zaidi, usiwashe moto.

Mimi naona walitafsiri sawasawa. Lakini aliyeshangilia akumbuke jinsi ushindi huu ulivyo mwembamba. Unahusu eneo moja tu katika England na Wales, na umesimama juu ya sheria moja ya eneo hilo, ambayo Bunge linaweza kuirekebisha likitaka. Scotland wana sheria yao ya mwaka 2003 inayowapa watu haki ya kuingia na kulala karibu kila mahali, kwa masharti ya kuwajibika. Chama cha Labour kilipokuwa upinzani kiliahidi kitu cha namna hiyo kwa England, kisha mwaka 2023 kikarudi nyuma.

Shamba la kina Darwall, walipolinunua, lilikuja pamoja na Stall Moor, upande wa kusini wa nyika. Hapo unapanda taratibu ukiacha kuta za mawe na mashamba nyuma yako, na miti inakwisha. Kinachobaki ni majani marefu ya rangi ya kahawia, vichaka vifupi vya maua viitwavyo hetha vinavyofika kwenye shavu la mguu, na udongo wa mboji unaobonyea kila hatua. Mto Erme unasikika kabla hujauona. Halafu unakutana na duara la mawe yaliyosimikwa, na kutoka hapo mstari wa mawe unaelekea kaskazini, unashuka mtoni, unavuka na kupanda tena ng'ambo kwa kilomita zipatazo tatu na robo. Ni mmojawapo wa mistari mirefu kuliko yote ya aina yake duniani. Mengi kati ya mawe hayo ni mafupi, hayafiki magotini, na mengine yamezama hadi kilele tu ndicho kinachochungulia kwenye majani. Yalisimikwa na watu wa Enzi ya Shaba Nyeusi, na walichokusudia hakuna anayekijua. Hakuna uzio, hakuna kibao cha maelezo. Unaweza kufuata mstari mzima kwa miguu, na ukichelewa, sasa unaweza kulala pembeni yake.

Wasiwasi wa wenye ardhi unaanzia hapohapo. Mwaka 2020, watu walipofunguliwa baada ya kufungiwa kwa ajili ya korona, Dartmoor ilipata wageni wa aina mpya: hema la bei ya chini karibu na gari, moto juu ya majani makavu, chupa, na asubuhi hema lenyewe linaachwa hapo. Mwaka uliofuata mamlaka ya hifadhi ilipunguza ramani ya sehemu zinazoruhusiwa kambi. Mboji ikishika moto huweza kufuka chini kwa chini muda mrefu baada ya miale kuonekana imezimwa, na ndege wanaotaga chini hawana pa kukimbilia. Mbwa asiyefungwa anawatawanya kondoo wenye mimba. Gharama ya haya inabebwa na mkulima na mwenye ardhi, si na wakili wa jiji. Bajeti za hifadhi nazo zimebanwa kwa miaka mingi, hivyo kusema "kuna sheria ndogo" huku walinzi wa kuisimamia ni wachache ni kama kuandika faini kwenye ukuta.

Hata hivyo, waliofanya uharibifu huo kwa sehemu kubwa hawakuwa wale waliotetewa mahakamani. Anayebeba begi kwa saa kadhaa mpaka Stall Moor, akachota maji ya kijito na kuyachemsha kwa sababu anajua kondoo wanakojoa juu huko, akajikagua kupe kabla ya kulala, si yule wa gari na chupa. Wa gari tayari alikuwa anavunja sheria ndogo. Kumnyima wa begi haki yake hakumzuii yule mwingine. Ndiyo maana maelfu walioandamana Stall Moor Januari 2023 hawakuona kwamba kesi ilikuwa ya moto wala takataka. Waliiona ni ya nani anatoa ruhusa. Baada ya hukumu ya kwanza, mamlaka ililazimika kufanya makubaliano na wamiliki ili kambi ziendelee kwa hisani yao, na hisani inaweza kuondolewa kesho. Nawaelewa. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1932, vijana watano walifungwa jela baada ya kundi la watembeaji kupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, na kumbukumbu hiyo haijafa.

Na mawe ya kale? Pande zote mbili huyataja kama ushahidi, na kwa bahati mbaya yanawasuta wote. Hifadhi ina zaidi ya maeneo 1,000 ya kale yanayolindwa kisheria. Uharibifu mkubwa haukufanywa na wenye mahema. Ulifanywa na wajenzi wa kuta na barabara waliobeba mawe yaliyosimikwa wakayageuza nguzo za mageti, na wachimba bati waliofumua kingo za vijito. Leo hii ng'ombe hujikuna kwenye mawe yaliyosimama mpaka shimo linachimbika chini yake na kujaa maji. Mizizi ya magugu inapenya sakafu za nyumba za kale. Bila shaka wapo wageni wanaohamisha mawe kutengeneza duara la moto, na hilo ni kosa zito, lakini ukipanga foleni ya maadui wa mawe haya, mwenye hema hakai mbele.

Neno "pori" ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu wanaharakati wanalitumia kama ahadi na wamiliki kama kitisho. Dartmoor si pori. Sehemu kubwa yake ilikuwa na msitu, watu wakaukata kwa maelfu ya miaka na mifugo ikazuia miti kurudi. Hetha na uwazi ule tunaoufuata kwa buti ni kazi ya midomo ya wanyama na mikono ya watu. Maana yake ni kwamba malisho yakibadilika, nyika nayo inabadilika. Na imebadilika. Mwishoni mwa 2023 jopo huru lililoongozwa na David Fursdon lilitoa taarifa kwa serikali: majani aina ya Molinia, magumu na yenye vishungi, yameenea mno na kuibana hetha. Wahifadhi walikuwa wakisema mifugo imezidi, wakulima wakijibu kwamba ukipunguza hovyo Molinia itameza kila kitu. Jopo liliona suala si idadi peke yake. Ni mnyama gani, na msimu gani: ng'ombe zaidi kiangazi wanaoweza kula majani hayo yakiwa mabichi, kondoo wachache wakati wa baridi wasiimalize hetha. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Dartmoor tembo wamepigana miaka mitatu mahakamani na nyasi zimestawi.

Mtembeaji anayaona haya kwa miguu yake. Penye hetha unatembea. Penye vishungi vya Molinia unajikwaa, unazama, kilomita moja inakula saa. Kuna sehemu ambako haki ya kuingia ipo kwenye karatasi na huwezi kuitumia kwa raha. Kaskazini jeshi nalo lina viwanja vyake vya shabaha, bendera nyekundu ikipandishwa hupiti, na sijasikia anayesema risasi zinasumbua utulivu wa nyika kuliko hema.

Kwa hiyo hukumu naiunga mkono, lakini siipi uzito unaopewa. Pauni zilizotumika kwa mawakili kwa ngazi tatu zingelipa mishahara ya walinzi wa kukutana na mwenye gari na chupa Jumamosi jioni, kabla hajawasha moto. Na atakayeamua kama mjukuu wake ataiona hetha pale Stall Moor ni mkulima anayesaini mkataba wa malisho na serikali: ng'ombe wangapi, kuanzia mwezi gani, kwa malipo kiasi gani. Mikataba hiyo inajadiliwa ofisini, na huko sijaona maandamano.