Minofu Nimekuja Kuila Minnesota

Nimekulia Mwanza, mji wa sangara, samaki wa Ziwa Victoria, lakini mara nilizokula mnofu wake kabla sijaondoka zinahesabika kwa vidole. Minofu ilitoka kiwandani ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mgongo wa kukwangua kwa meno. Mama aliyakaanga mpaka mkia unavunjika mdomoni. Wala sikulalamika. Nilidhani samaki ndivyo alivyo.

Sasa nakaa Minnesota, Marekani, na msimu wa uvuvi ukishafunguliwa katikati ya Mei, jioni utanikuta mto Rum. Ni mto mwembamba, jiwe la mtoto linavuka. Wenye boti hukimbilia Mille Lacs, ziwa unakotokea mto huu. Mimi nina viatu vya mpira na fimbo moja ya kuvulia. Namvua wolai, samaki asiyependa mwanga. Mchana hujificha kwenye mashimo chini ya maji ya kasi. Jua likizama anasogea pale mkondo unapopakana na maji tuli, anangoja visamaki viletwe na maji. Natupa ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi, naiacha iguse changarawe, nainyanyua kidogo, naishusha. Hakurupuki. Mshipi unakuwa mzito tu, kama umenasa jani bichi. Ukimmulika tochi macho yanawaka, na hapo namkumbuka sangara, maana naye yake huwaka hivyo hivyo.

Leseni lazima. Idadi ya samaki ina mwisho, na aliyezidi inchi 20, kama sentimita 50, ni mmoja tu, kwa sababu wale wakubwa ndio majike wenye mayai mengi. Kwetu sentimita hizo hizo 50 zinamlinda sangara mdogo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wenzetu wana sheria na sisi hatuna. Ninachowaonea wivu ni kingine: siku moja ofisa alitupima samaki mimi na bwana mmoja mwenye gari la bei mbaya, kwa rula ile ile, akatuaga akaenda zake. Nyumbani nimeshuhudia mvuvi wa mtumbwi akichomewa nyavu zake haramu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na aliyemuuzia nyavu hizo yuko dukani anauza nyingine.

Ila kwa ulaji hapa wamepotea. Wakishatoa minofu, kichwa na mgongo vinaishia kwenye ndoo ya taka. Mara ya kwanza nilipoviomba, mzee mmoja pale mtoni aliniuliza mbwa wangu ni wa aina gani. Siku hizi ananiwekea kwenye mfuko bila kuuliza. Natia nyanya, ndimu na pilipili, supu inanukia hadi kwenye ngazi za jirani.

Mwanangu wa miaka saba, mzaliwa wa huku, anakula mnofu na kuusukuma mwiba pembeni ya sahani. Nauokota mimi.