Kilengeo cha Bastola Kichaguliwe na Macho Yako

Nilipofikisha miaka 47, kilengeo cha mbele cha bastola yangu, kile kinundu cha kulengea kilicho juu ya ncha ya mtutu, kilianza kuonekana kama kimefunikwa na ukungu. Bastola ilikuwa nzima. Kilichochoka ni macho. Ukishavuka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na kitu kilicho umbali wa mkono ulionyooshwa hakionekani tena vizuri. Na kulenga kwa bastola kunataka jicho litulie pale pale, kwenye kilengeo cha mbele. Shabaha ndiyo iachiwe ukungu.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaonunua vilengeo vyenye nukta tatu nyeupe kwa sababu tu vinapendeza. Jua la Dodoma la saa saba mchana likizipiga, nukta zote tatu zinameremeta kwa pamoja na jicho halijui lishike ipi. Mimi nataka cha nyuma kiwe cheusi tupu, pengo lake la kuchungulia liwe pana kidogo, na cha mbele peke yake ndicho king'ae.

Kile chenye uzi wa plastiki unaokusanya mwanga ni kizuri sana mchana. Lakini mimi nina shamba la zabibu upande wa Hombolo, na usiku kule ni giza totoro. Uzi ule unakuwa kama haupo. Cha tritiamu, aina ya gesi, hujiwakia chenyewe, ila mwanga wake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo ukiuziwa kilichotumika kwa bei ya kutupa, angalia kwanza mwaka kilipotengenezwa. Tena tritiamu ina mionzi, na mambo ya mionzi nchini yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Uliza kabla ya kuagiza.

Kwenye kufunga ndiko nilikoumia. Fundi mmoja alikigonga kilengeo cha nyuma kwa tindo ya chuma, akaacha kovu kwenye slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ukipiga, kovu ambalo mpaka leo naligusa kwa kidole. Kilengeo hukaa kwenye mfereji mpana chini na mwembamba juu, na hutolewa kwa kusukumwa ubavuni. Kinatakiwa kifaa maalumu cha kusukumia, au slaidi ibanwe kwenye jiriwa yenye mbao laini na kilengeo kigongwe kwa kipande cha shaba, polepole. Kabla ya yote magazini (kasha la risasi) itolewe, chemba inamokaa risasi ya kupigwa ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, risasi ziwekwe chumba kingine. Na fundi awe mwenye leseni. Sheria ya silaha ya 2015 si ya kuchezea.

Wengi hawaamini jinsi unene wa ukucha unavyoweza kuharibu shabaha. Kama kutoka kilengeo hadi kilengeo ni milimita 150, kukosea milimita 1 tu kunahamisha tundu sentimita 10 kwenye shabaha ya mita 15.

Kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume chake, na kikiwa kirefu zaidi risasi hushuka.

Mwezi uliopita nilikwenda uwanja wa shabaha, nikaegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga tano. Zote zilikaa karibu karibu, sentimita 4 kushoto. Fundi wangu wa sasa alichora mstari mwembamba kwa penseli, akakisukuma cha nyuma kulia, chini ya nusu milimita. Tano zilizofuata ziliingia katikati.