Meya aliyegawa unga kwa mkopo

Kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, mwaka jana, ilipofika ajenda ya marejesho, watu wakaanza kuchezea simu. Orodha ya madeni sugu ilijaza ukurasa mzima. Mwenyekiti akapendekeza tutafute mfadhili. Dada aliyekaa kando yangu akanong'ona, "Mfadhili wa kutulipia madeni yetu wenyewe?" Nikacheka. Baadaye nikaona amegusa pale pale ambapo mtu mmoja wa vijijini Ujerumani alihangaika karibu miaka 20 kabla ya kupata jibu.

Weyerbusch ni kijiji cha vilima vya Westerwald, magharibi mwa Ujerumani. Hata leo wakazi wake ni elfu moja na mia kadhaa. Mwaka 1845 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala eneo hilo wakati huo, ilimpeleka huko kijana wa miaka 26, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, awe meya. Alikuwa ameacha jeshi kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Neno meya lisikudanganye ukafikiria joho na msafara wa magari. Kijiji kile na vijiji vingine vidogo vilivyokuwa chini yake vilikaliwa na wakulima wa kawaida, wengi mafukara, na kazi zake mtendaji wa kata yeyote wa kwetu angezitambua: shule, barabara, amri kutoka juu, na maskini mlangoni.

Mwaka 1846 mavuno yakaharibika. Viazi vilikuwa vimekwisha kupigwa na ugonjwa, sasa na nafaka ikakosekana. Baridi ilipoingia, watu wakashinda njaa. Serikali ikatoa unga wa akiba, lakini kwa sharti kwamba apewe mwenye fedha taslimu tu. Hebu fikiria: unamletea mwenye njaa unga, halafu unamwomba pesa ambayo angekuwa nayo asingekuwa na njaa. Raiffeisen akaliweka agizo kando, akagawa unga kwa mkopo. Kisha akawaita wenye uwezo wakachanga, wakanunua nafaka na kujenga tanuri la kijiji. Mkate ukauzwa kwa bei nafuu, na asiye na kitu akaandikiwa deni hadi atakapovuna.

Watu wengi huishia hapo wanapomsimulia, kwa sababu ni kisa kitamu: kiongozi mdogo aliyewakaidi wakubwa kwa ajili ya wananchi. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa rahisi. Njaa inaonekana kwa macho, na tajiri anayemwona mtoto wa jirani akikonda hutoa, walau mara moja.

Mwaka 1848 akahamishiwa Flammersfeld, kijiji cha jirani, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Huko adui alikuwa deni la ng'ombe. Mkulima anachukua ng'ombe kwa mkopo, riba inapanda, ng'ombe anarudi kwa aliyemtoa na shamba linafuata. Sisi jina la mkopo wa namna hiyo tunalo, kausha damu. Watu wapatao 60 wenye mali wakatia saini kudhamini kwa mali zao, chama kikapata mkopo, kikanunua ng'ombe, na wakulima wakawa wanalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Kuna jambo ambalo wapambe wake hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Maandishi yake ya baadaye yana maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, kana kwamba ulanguzi ulikuwa wa dini fulani. Aliyejenga chama kizuri anaweza kuwa na doa kubwa, na doa hilo halifutwi na idadi ya sanamu alizochongewa.

Kituo cha tatu kilikuwa Heddesdorf, kando ya mto Rhine, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Neuwied. Alifika mwaka 1852, na mwaka 1854 akaunda chama cha hisani chenye mambo mengi mno: mikopo, ng'ombe, malezi ya watoto waliotelekezwa, hata kuwatafutia kazi waliotoka gerezani. Kikaanza kulegea. Waliokibeba walikuwa matajiri, na waliokopa hawakuwa wanachama. Matajiri wakachoka. Na kwa nini wasichoke? Walibeba hatari ya madeni ya watu ambao hawakuwa na kiti mkutanoni.

Mwaka 1864 akakubali, nadhani kwa shingo upande maana moyo wake ulipenda hisani, kwamba mpango ubadilike. Kikaundwa chama cha mikopo ambacho ukitaka kukopa lazima uwe mwanachama, na kila mwanachama anawajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote. Si kwa hisa zake tu. Nyumba, shamba, ng'ombe, vyote. Katika utaratibu aliouelekeza, eneo la chama lilikuwa dogo, la ukubwa wa parokia moja. Viongozi hawakulipwa, isipokuwa mtunza hesabu. Faida ilikwenda kwenye mfuko wa akiba usiogawanywa.

Mbano ule ulikuwa na akili. Ukijua kwamba jirani yako asipolipa utalipa wewe, hutasubiri ripoti ya mkaguzi. Utatazama mwenyewe kama pesa ya ng'ombe imenunua ng'ombe au imeishia kilabuni. Na utaweza kutazama kwa sababu mnasali kanisa moja na zizi lake unaliona ukienda shambani. Dhamana isiyo na kikomo na eneo dogo ni jembe na mpini wake. Raiffeisen aliacha umeya mwaka 1865, macho yakiwa yamefifia sana. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu vyama hivi kikatoka, alichomtamkia binti yake Amalie akaandika.

Sasa kioja cha historia. Wajerumani walitutawala hadi Vita Kuu ya Kwanza, lakini mkondo ulioleta wazo hili kwenye sheria zetu ulipitia kwa Waingereza, tena kwa kuzunguka India. Mtumishi wa serikali huko Madras, Frederick Nicholson, alitumwa kuchunguza namna ya kuwakopesha wakulima, na ripoti yake ndefu ya miaka ya 1890 iliishia kwa ushauri wa maneno mawili: mtafuteni Raiffeisen. India ikapata sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904, makoloni mengine yakafuata mtindo wake, na Tanganyika ikapata sheria yake ya ushirika mwaka 1932. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kikaandikishwa mwaka 1933.

Kilichotufikia kwa urahisi ni umbo: katiba, bodi, mhuri, mkutano mkuu wenye soda. Mbano ulibaki njiani. Sisemi turudishe dhamana ya mali yote. Wajerumani wenyewe waliruhusu dhamana yenye kikomo kwa sheria ya mwaka 1889, na mimi ningekuwa wa kwanza kukimbia. Ninachosema ni kwamba ukiondoa woga ule lazima uweke kitu mahali pake, na udogo ndio uliokuwa umebaki. Vikundi vya VICOBA vya akina mama mtaani kwetu vinaujua bila kumsoma Mjerumani yeyote: usipoleta pesa, wanakuja kukaa barazani kwako. Sisi tuliosoma tukaunda SACCOS yenye matawi mikoa minne, tukaita maendeleo.

Ujerumani nao hawakupona. Benki za ushirika zilizokuwa maelfu zimeunganishwa hadi zimebaki chini ya 700, na matawi mengi ya vijijini yamefungwa. Kilichodumu ni kijiji chenyewe. Weyerbusch na Flammersfeld kila kimoja bado kina baraza lake na meya wake, kazi anayoifanya kwa kujitolea na kupewa posho. Mafaili mazito hushughulikiwa na ofisi ya pamoja. Ukimkasirikia meya kwa sababu ya barabara, unajua anakoishi.

Niliporudi kutoka mkutanoni nilitafuta fomu zangu. Mwaka juzi nilimdhamini mwanachama wa tawi la mkoa mwingine, mtu niliyekutana naye mara mbili, moja ikiwa kwenye foleni ya chakula semina. Jina lake limo kwenye ule ukurasa. Nimempigia wiki hii mara tatu. Hapatikani.