Baruti na Jicho Lisilo na Kovu

Kigombe, kusini mwa Tanga mjini, yupo mzee anayeshona nyavu huku amefumba jicho moja. Nilidhani ni mazoea. "Nikifumbua yote mawili, uzi mmoja nauona miwili," aliniambia. Ubao wa herufi wa kupimia macho anausoma hadi mistari ya chini. Ujanani alivua kwa baruti, na mikono yote miwili anayo, bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata.

Basi ni baruti iliyoyaharibu macho yake bila kuacha kovu?

Wanaosema ndiyo hawasemi ovyo. Wimbi la mlipuko hulitikisa jicho hata kama hakuna kipande kilichorukia, na nyuma ya jicho kuna ubongo, ambao ndio unaoyaamuru macho yakutane kwenye kitu cha karibu. Ukitikiswa, amri hulegea: maandishi yanakuwa mawili, mwanga unachoma, kichwa kinagonga baada ya kurasa mbili. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan wameonekana na hali hiyo, wengine wakiwa wanausoma ubao bila shida. Kwenye maabara, panya waliopigwa mawimbi hayo mara kwa mara wamepoteza seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Lakini panya si mvuvi. Na kinachompasukia samaki ni kibofu chake cha hewa. Jicho halina hewa, limejaa maji, na wimbi hupita humo bila purukushani kama ya kwenye mapafu au sikio. Halifax, Kanada, mwaka 1917, meli ya baruti ilipolipuka bandarini, waliopofuka wengi walikatwa na vioo vya madirisha waliyokuwa wakichungulia. Isitoshe, kisukari nacho huweza kupooza neva za misuli ya jicho mtu akaona viwili viwili. Mzee wetu ana umri, na sukari hajawahi kupima.

Hapo wenye shaka nawaelewa. Ninapoachana nao ni wanaposema mbona hospitali zetu hazina wagonjwa wa namna hiyo. Watawapata wapi? Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai. Daktari akikuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, unajibu "mvuvi" na unaishia hapo. Mfanyakazi wa machimbo ya mawe angalau anaweza kulitaja fataki lake hadharani, ingawa yeye husimama mbali, na wimbi humfikia likiwa limechoka.

Nilimwomba mzee aisogeze kalamu taratibu kuelekea puani. Macho mazima huishika ikiwa moja hadi sentimita 10 hivi au chini yake. Kwake kalamu ikagawanyika ikiwa bado shibiri mbili kutoka usoni. Kipimo hicho hakimtaji mkosaji, ila tatizo lenyewe lina mazoezi ya macho, na mtaalamu anaweza kuyaanzisha baada ya kupima sukari.

"Nitaulizwa mambo ya zamani?" akasema.

Nikamwambia huenda. Akafumba jicho, akarudi kwenye wavu.